Mipaka ya Silabi na Mofimu katika Vitenzi vya Mwambao wa Mwanza: Historia ya Maandishi ya Kisukuma na Kikerewe

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya namna vitenzi vya Kisukuma na Kikerewe vilivyosikiwa, vilivyoandikwa na kuchambuliwa katika mwambao wa kusini wa Ziwa Victoria tangu mwaka 1858. Hoja kuu ni kwamba kila mfumo wa maandishi uliofika Mwanza ulikuja na kanuni yake ya kukata silabi. Othografia iliyotokana na Kiswahili, ambayo hatimaye ndiyo iliyoshika, ilizihifadhi mofimu za kitenzi kwa uaminifu mkubwa lakini ikazificha silabi zake. Kutokana na hali hiyo, uchambuzi wa mofolojia ya lugha hizo kwa kielelezo cha Kiswahili huonekana kuwa rahisi kuliko ulivyo. Makala yanahitimisha kwa kuonesha athari za jambo hilo katika ufundishaji, uandishi wa majina na uhakiki wa nyimbo.

1.0 Utangulizi

Jina la mji wa Mwanza lina silabi ngapi, na nazali iliyo katikati yake ni ya silabi ipi? Msomaji wa Kiswahili atajibu bila kusita kwamba silabi ni mbili, mwa-nza, na kwamba nazali huanzisha silabi ya pili. Msukuma atamkaye Ng'wanza atakubaliana naye kuhusu idadi, ingawa konsonanti ya kwanza aitamkayo ni nyingine kabisa. Ofisa wa Kijerumani aliyeandika Muansa alikuwa na umbo linaloweza kusomwa kwa silabi tatu, mu-an-sa. Naye mzungumzaji wa Kiitaliano, ambaye katika lugha yake nazali inayofuatwa na konsonanti hufunga silabi iliyotangulia, angelikata jina hilo hilo mwan-za.

Tofauti hizo zinaweza kuonekana kuwa ndogo zinapohusu jina la mji. Zinapohamia katika kitenzi, huwa na uzito zaidi, kwa kuwa kitenzi cha Kibantu ni neno lililojengwa kwa viambishi vingi, na kila kosa la kukata silabi hugusa mpaka wa mofimu fulani. Makala haya yanajadili historia ya mipaka hiyo kwa kuanza na msingi wa kinadharia, kisha maandishi ya wageni wa karne ya 19, ushahidi uliomo ndani ya maneno yenyewe, tafiti za toni na urefu wa irabu, majina ya wahusika wa Aniceti Kitereza, na hatimaye nafasi ya Kiswahili Sanifu kama mwamuzi wa maandishi.

2.0 Silabi na Mofimu: Vipimo Viwili vya Neno Moja

Silabi ni kipimo cha matamshi. Mofimu ni kipimo cha maana na sarufi. Vipimo hivi hukutana mara chache kuliko vitabu vingi vya shule vinavyodokeza. Kitenzi cha Kiswahili ninapenda kina silabi nne, ni-na-pe-nda, na mofimu nne, ni-na-pend-a. Idadi ni sawa, lakini mipaka inalingana katika nusu ya kwanza ya neno tu. Kuanzia kwenye mzizi, mpaka wa silabi hupita kabla ya nazali ilhali mpaka wa mofimu hupita baada ya d. Mzizi pend- hauwezi kutamkwa peke yake kama silabi ya Kiswahili, kwa sababu silabi za asili za lugha hii huishia na irabu. Hivyo basi, mzizi ambao mwanafunzi huambiwa kwamba ndio kiini cha kitenzi ni umbo ambalo hakuna mzungumzaji aliyewahi kulisikia likisimama pekee.

Kutolingana huku si sifa ya lugha za Kibantu tu. Katika Kiitaliano, kitenzi canto, chenye maana ya 'ninaimba', kina mzizi cant- na kiambishi tamati -o, lakini silabi zake ni can-to. Huko pia mzizi hukatwa na silabi, ila mkato unapita mahali pengine: ndani ya mfuatano wa nazali na kipasuo, wala si kabla yake. Kiitaliano kina kipimo cha kuthibitisha mkato huo. Irabu yenye mkazo katika silabi huru isiyo ya mwisho, kama ilivyo katika amo, 'ninapenda', hutamkwa ndefu. Irabu yenye mkazo katika silabi funge, kama ilivyo katika canto, hutamkwa fupi. Ufupi wa irabu ni dalili kwamba nazali imeifunga silabi. Kipimo hiki kitakuwa na manufaa baadaye, kwani katika Kisukuma irabu iliyo kabla ya nazali na konsonanti huelekea upande wa pili: huongezeka urefu.

Ulinganisho wa Kiswahili na Kisukuma wenyewe unaonesha pia kwamba mpaka wa silabi huhamishwa na historia. Kisukuma husema kulila na kulomba mahali ambapo Kiswahili husema kulia na kuomba. Konsonanti l iliyodondoka katika Kiswahili imebaki katika Kisukuma. Matokeo yake yanaonekana hata katika kauli ya kutendea: kulimila ya Kisukuma ina mofimu ku-lim-il-a, na kulimia ya Kiswahili ina ku-lim-i-a. Maneno yote mawili yana silabi nne, lakini kiambishi cha mnyambuliko ambacho katika Kisukuma kina irabu na konsonanti kimebaki irabu tupu katika Kiswahili. Silabi mi katika maneno yote mawili huchukua konsonanti ya mwisho ya mzizi na irabu ya kiambishi. Sikio husikia kitu kimoja pale ambapo sarufi inaona viwili.

3.0 Masikio ya Wageni, 1858 hadi 1914

John Hanning Speke alifika kwenye ghuba ya Mwanza mwaka 1858 na kuandika jina la mahali hapo Muanza. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1875, aliandika Kagehyi jina la kijiji cha ufukweni ambacho wamisionari waliomfuata walikiandika pia Kagei na Kageyi. Tahajia hizi hazikuwa za kiholela. Kila moja ni jaribio la mtu mwenye sikio la lugha nyingine la kuamua iwapo u ya Muanza ni irabu yenye silabi yake au ni kiyeyusho kinachoegemea irabu inayofuata, na iwapo mwisho wa Kageyi una irabu mbili au irabu na y.

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika ziwani mwaka 1877, na Wamisionari wa Afrika, waliojulikana pia kwa jina la Mapadre Weupe, wakapita Kageyi mwaka uliofuata wakielekea Buganda, kisha wakaanzisha misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Utawala wa Kijerumani ulijenga kituo chake Mwanza mwaka 1892. Kufikia hapo, mwambao ulikuwa na angalau mila tatu za maandishi: ya Kiingereza, ya Kifaransa na ya Kijerumani. Juu ya zote tatu ulitanda ujuzi wa sarufi ya Kilatini, ambao kila padre alikuwa amepitia seminarini.

Mwaka 1898 jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki la Berlin lilichapisha maelezo ya kina ya Kapteni Herrmann kuhusu lugha ya Wasukuma wa kandokando ya Ghuba ya Speke na Mlango wa Smith. Jina la lugha katika kichwa cha kazi hiyo ni Kissukuma, na la watu ni Wassukuma. S iliandikwa mara mbili kwa sababu s moja kati ya irabu husomwa z katika Kijerumani. Kwa Mjerumani, herufi mbili zilikuwa alama ya sauti moja. Kwa msomaji wa Kiitaliano, ambaye katika lugha yake konsonanti pacha hutamkwa kwa urefu na kugawanywa baina ya silabi mbili, tahajia hiyo ingeleta kis-su-ku-ma, silabi funge isiyokuwapo kabisa katika lugha inayoelezwa. Kwa sababu iyo hiyo ya Kijerumani, jina la mji liliandikwa Muansa na pia Muanza: z ya Kijerumani husomwa ts, na s ndiyo iliyokaribia z ya Kisukuma.

Kazi ya Eugène Hurel kuhusu Kikerewe ilichapishwa katika jarida hilo hilo mwaka 1909. Wakati huohuo isimu linganishi ya Kibantu ilikuwa ikijengwa kutokana na data za wamisionari. Carl Meinhof aliipa jina la Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoraviani katika nchi ya Unyamwezi, kanuni ya kifonolojia ambayo Dahl alikuwa ameigundua katika Kinyamwezi, lugha iliyo ndugu wa karibu wa Kisukuma. Kwa mujibu wa Sheria ya Dahl, kipasuo si ghuna hugeuka kuwa ghuna iwapo silabi inayofuata inaanza na konsonanti si ghuna. Ndiyo sababu 'tatu' ya Kiswahili ni -datu, na 'kupita' ni kubita. Umuhimu wa sheria hii kwa mjadala wa silabi haujatiliwa maanani vya kutosha. Katika kubita, b ya mzizi ni matokeo ya t, na t hiyo ndiyo inayoanzisha silabi ya mwisho, -ta. Mzizi bit- umegawanyika kati ya silabi mbili, lakini kanuni inazivuka zote mbili. Dahl alipata ushahidi kwamba mzizi wa kitenzi una uhai wake wa kifonolojia ingawa silabi haiuheshimu.

4.0 Ntemi na Munhu: Nazali Mbili Zenye Historia Mbili

Cheo cha mtawala wa jadi wa Usukuma ni ntemi, wingi batemi. Nomino hii imeundwa kutokana na kitenzi kutema, 'kukata': kiambishi ngeli mu-, mzizi -tem- na kiambishi tamati -i. Irabu ya kiambishi ngeli imedondoka na nazali imefananishwa na konsonanti inayofuata. Utaratibu huohuo unaonekana katika nkima, 'mwanamke', wingi bakima, na nsumba, 'kijana', wingi basumba.

Neno munhu, 'mtu', lina historia nyingine. Asili yake ya Kibantu ina mfuatano wa nazali na t, kama inavyodhihirika katika maumbo ya lugha nyingi kama vile muntu na omuntu. Katika Kisukuma mfuatano huo umegeuka kuwa nazali si ghuna yenye mpumuo, ambayo huandikwa nh. Vivyo hivyo mfuatano wa nazali na p umezaa mh, kama katika mhembe, 'pembe', na mhola, 'amani' au 'salama'.

Hapa linazuka swali la msingi. Iwapo nazali na t huungana na kuwa nh, kwa nini ntemi haikuwa nhemi? Jibu limo katika silabi. Katika shina la munhu, nazali na t zilikuwa ndani ya mwanzo wa silabi moja, zikayeyushana. Katika ntemi, nazali ni mabaki ya silabi nzima, mu-, na imeendelea kuishika nafasi ya silabi hata baada ya kupoteza irabu. Nazali na t zimekaa jirani bila kuwa nyumba moja. Mpaka wa silabi, ambao hauandikwi popote, umekuwa ukuta uliozuia badiliko la sauti. Kwa hiyo anayetaka kujua ni wapi kiambishi ngeli kilikuwapo zamani anaweza kukitambua kwa kuangalia ni nazali ipi iliyokataa kuungana na konsonanti inayofuata.

Kiswahili kinasaidia kuthibitisha hoja hii kwa njia yake. Mtemi na mtu huanza kwa m ile ile yenye silabi yake, nayo imetokana na mu-. Katika mtu, hata hivyo, nazali ya shina imetoweka kabisa. Hans Cory, aliyeandika kuhusu desturi za utawala wa Kisukuma katika miaka ya 1950, alitumia umbo ntemi katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1951. Maandishi ya Kiswahili yalipendelea mtemi. Umbo la Kiswahili ni halali, na kwa bahati njema idadi ya silabi imebaki tatu. Tatizo huja pale ambapo mazoea ya kusoma mtemi yanahamishiwa kwenye mhola. Msomaji aliyezoea m ya Kiswahili husoma m-ho-la, silabi tatu, ilhali neno lina silabi mbili tu, mho-la. Jina la mtu Mhoja hupatwa na jambo hilo hilo. Herufi mbili za mh zinawakilisha sauti moja, na hakuna kiambishi m- humo.

5.0 Salamu kama Kitenzi

Mfano ulio dhahiri zaidi wa kutolingana kwa silabi na mofimu ni salamu ya asubuhi inayosikika kila siku kuanzia Magu hadi Misungwi: mwangaluka. Ingawa wengi huichukulia kuwa neno la adabu lisilochambulika, salamu hii ni kitenzi kamili kilichobeba kiambishi cha nafsi ya pili wingi mu-, kiambishi cha njeo -a-, mzizi -angaluk- wenye maana ya kuamkia asubuhi, na irabu tamati -a.

Silabi zake ni mwa-nga-lu-ka. Mofimu zake ni mu-a-angaluk-a. Zote ni nne, lakini hakuna mpaka hata mmoja wa silabi unaolingana na mpaka wa mofimu. Silabi ya kwanza, mwa, imebeba kiambishi cha nafsi, kiambishi cha njeo na irabu ya kwanza ya mzizi kwa pamoja. Silabi ya mwisho, ka, imebeba konsonanti ya mwisho ya mzizi na irabu tamati. Nazali iliyo katikati ya mzizi imehamia mwanzo wa silabi ya pili. Mwanafunzi anayehesabu silabi na kudhani kwamba amehesabu mofimu atapata idadi sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Shukrani wabeja ina umbo la namna hiyo: u-a-bej-a, silabi wa-be-ja. Hapa pia u ya nafsi ya pili umoja imekuwa kiyeyusho na kuungana na irabu ya njeo. Katika lugha yenye tofauti ya irabu fupi na ndefu kama Kisukuma, muungano wa namna hii hauishii kwenye kiyeyusho. Irabu inayobaki hurefushwa kufidia nafasi ya irabu iliyogeuka. Othografia ya kawaida haiandiki urefu huo, na ndiyo maana msomaji wa leo haoni kwenye karatasi dalili yoyote kwamba irabu mbili ziliwahi kukutana.

Salamu ya asubuhi huandikwa pia ng'wangaluka. Uandishi huo unafuata matamshi ya sehemu kubwa ya Usukuma, ambako mu- ikikutana na irabu huwa ng'w-: ng'wana kwa 'mwana', ng'waka kwa 'mwaka', na Ng'wanza kwa Mwanza. Tahajia zote mbili zina silabi nne. Tahajia ya ng'w inaeleza anachotamka mzungumzaji. Tahajia ya mw inaeleza kiambishi ambacho msomaji wa Kiswahili atakitambua mara moja. Chaguo kati yake ni chaguo kati ya silabi na mofimu.

Jambo lingine linalotenganisha lugha hizi mbili ni vitenzi vya silabi moja. Msukuma husema nalija, 'ninakwenda', na viambishi vya nafsi na njeo hutangulia shina -ja moja kwa moja. Kiswahili katika mazingira ya namna hiyo hudai ku: anakuja, anakula. Sababu ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi njeo kama -na-, -li-, -me- na -ta- haviwezi kuubeba, kwa hiyo ku hubaki ili kuubeba. Kisukuma, ambacho mhimili wake ni toni, hakihitaji msaada huo. Ku ya anakula haina maana ya kisarufi inayoweza kutajwa. Ipo kwa ajili ya silabi. Hata uradidi unalidhihirisha hilo, kwa kuwa Kiswahili husema anakulakula na kunakili ku pamoja na shina.

6.0 Urefu wa Irabu na Safari ya Toni

Hadi katikati ya karne ya 20 mjadala wa kitenzi cha Kisukuma ulitegemea herufi. Irvine Richardson aliubadili alipochapisha mwaka 1959 utafiti wake kuhusu nafasi ya toni katika muundo wa Kisukuma. Ilibainika kwamba toni ya juu haisikiki mahali inapotoka. Husogea kuelekea kulia na kusikika silabi mbili mbele ya ile iliyoitoa. Richardson alirejea suala hilo la toni zilizohama mwaka 1971, na likawa kielelezo maarufu katika nadharia za fonolojia zilizofuata.

Athari ya ugunduzi huu kwa dhana ya neno ni kubwa. Toni inayomilikiwa na kiambishi cha mtendwa inaweza kusikika ndani ya mzizi au katika kiambishi cha mnyambuliko. Anayekata kitenzi vipande vipande na kurekodi kila kipande na toni inayosikika juu yake ataipa mofimu moja mali ya mofimu nyingine. Mofimu ndiyo inayotoa toni, silabi ndizo zinazohesabiwa katika safari yake, na neno zima ndilo barabara. Hakuna hoja nzito kuliko hii kwamba viambishi awali na shina ni neno moja.

Herman Batibo, katika kitabu chake kuhusu fonolojia na mofolojia ya lugha hii kilichochapishwa Paris mwaka 1985, aliita lugha hiyo kesukuma. E hiyo haikuwa kosa la chapa. Kisukuma kina irabu saba, na irabu ya kiambishi ki- si i ya juu kabisa kama ya Kiswahili. Hivyo jina la lugha moja limeandikwa Kissukuma mwaka 1898, Kisukuma katika maandishi ya kawaida, na kesukuma mwaka 1985, na kila tahajia imeshuhudia jambo moja huku ikinyamazia jingine. Masangu Matondo aliendeleza kazi hii katika tasnifu yake ya mwaka 2003 kuhusu toni na mofolojia ya kiarudhi ya Kisukuma.

Swali la nazali lililoanzisha makala haya lilipata kipimo cha maabara katika miaka ya 1990. Ian Maddieson na Peter Ladefoged walilinganisha Kisukuma na Luganda, lugha mbili za mwambao wa ziwa moja. Katika Luganda, irabu iliyo kabla ya nazali na konsonanti hukaribia urefu wa irabu ndefu. Katika Kisukuma irabu hiyo huwa ndefu kuliko irabu fupi lakini fupi kuliko irabu ndefu, imesimama katikati. Kama nazali ingekuwa imefunga silabi kwa mtindo wa canto, irabu ingetarajiwa kuwa fupi. Kama ingekuwa imehamia kabisa katika silabi inayofuata na kuacha nafasi yake yote kwa irabu, irabu ingetarajiwa kuwa ndefu kamili. Kisukuma kinaonesha njia ya tatu: nazali na irabu zinagawana nafasi moja ya wakati. Katika kulomba, kwa hiyo, mkato ku-lo-mba ni sahihi kwa mwandishi, lakini m haijaiacha kabisa o iliyo nyuma yake.

7.0 Ukerewe: Majina Yaliyo Sentensi

Kisiwani Ukerewe, kaskazini mwa Mwanza, kitenzi kiliingia katika historia ya fasihi kwa njia ya majina. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma katika seminari ya Rubya, ambako Kilatini kilikuwa sehemu ya masomo, aliandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Riwaya hiyo ilimfikia msomaji kwa Kiswahili, katika tafsiri ya mwandishi mwenyewe, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981.

Tafsiri iliyabakiza majina ya wahusika katika Kikerewe, na majina mawili ya watoto ni vitenzi. Ntulanalwo ina maana ya 'ninaishi nacho', na kinachorejelewa ni kifo, nomino ya ngeli ya lu-. Mofimu zake ni n-tul-a-na-lu-o. Bulihwali ni swali, 'utakwisha lini', likirejelea mateso: bu-li-hw-a-li, ambamo li ya kwanza ni njeo ijayo na li ya mwisho ni kiulizi cha wakati. Mzazi aliyefiwa na watoto mara kwa mara aliweka sentensi nzima katika jina la mtoto aliyebaki.

Katika Kikerewe Ntulanalwo ina silabi nne, ntu-la-na-lwo. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea nta na nchi ambamo nazali ina silabi yake, huelekea kusoma n-tu-la-na-lwo, silabi tano. Maana haipotei, lakini sauti ya nafsi ya kwanza, ambayo Kikerewe imeifumbata ndani ya silabi ya mzizi, husimama peke yake mbele ya jina. Katika Bulihwali, silabi zinazofanana za li hubeba kazi mbili zisizohusiana, na silabi pekee haiwezi kumwambia msomaji ipi ni ipi. Kikerewe kina utata mwingine wa silabi uliochunguzwa na David Odden katika miaka ya 1990, yaani hadhi ya silabi zinazoanza bila konsonanti. Tafiti hizo zinathibitisha kwamba suala la mipaka halikufungwa na wamisionari.

8.0 Kiswahili Sanifu kama Mwamuzi

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusimamia kazi hiyo. Ingawa kamati haikushughulikia Kisukuma, kanuni zake za tahajia zilifika Usukuma kupitia shule, mahakama na ofisi za serikali. Makanisa yaliendelea kuchapa kwa Kisukuma: Agano Jipya lilitoka mwaka 1925 na Biblia nzima mwaka 1960. Nje ya kanisa, mtu aliyejua kusoma alikuwa amejifunza kusoma Kiswahili kwanza, na aliandika Kisukuma kwa macho ya Kiswahili.

Faida ya mazoea hayo haipaswi kudharauliwa. Tahajia ya Kiswahili ilifuta Kissukuma na Muansa, ikaondoa silabi funge za bandia, ikaandika kitenzi kama neno moja, na ikawawezesha wasomaji kutambua mzizi na viambishi katika lugha yoyote ya jirani. Mofimu zilipata makazi mazuri. Kilichokosa makazi ni irabu saba, urefu wa irabu, toni, na tofauti kati ya m yenye silabi na m isiyo nayo. Vyote hivyo ni mali ya silabi.

Gharama yake inaonekana katika maeneo matatu. La kwanza ni ufundishaji. Mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye asili ya Usukuma, akipewa kitenzi cha lugha yake akichambue, huanza na maandishi yake ya mazoea na kukata mofimu kwa mfano wa Kiswahili. Mwangaluka huonekana kuwa na m, w na a bila njeo, na wabeja huonekana kuwa na wa- ya ngeli ya watu katika wingi. Uchambuzi huo ni safi kwenye karatasi na umekosea kila mpaka. La pili ni majina ya watu na mahali. Kila Ng'w- inayoandikwa Mw- katika orodha ya shule au hati ya ardhi hufuta tamko la mwenye jina, na mh isomwayo m-h huongeza silabi ambayo hakuna mzazi aliyeikusudia. La tatu ni fasihi. Nyimbo za kilimo na za mashindano ya ngoma za Bagika na Bagalu zimeanza kukusanywa na kuchapishwa, mathalani katika mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi uliotolewa na Frank Gunderson mwaka 2010. Mhakiki atakayehesabu mizani ya matini kama hizo kwa kanuni ya ushairi wa Kiswahili atakuta mishororo isiyolingana pale ambapo mwimbaji hakuvunja mizani yoyote.

9.0 Hitimisho

Historia ya maandishi ya mwambao wa Mwanza inaonesha kwamba hakuna aliyekata kitenzi bila kisu alichokuja nacho. Speke na maofisa wa Kijerumani walikata kwa tahajia za lugha zao, wamisionari kwa sarufi waliyofundishwa seminarini, na wasomi wa baadaye kwa Kiswahili. Kisu cha Kiswahili kimekuwa bora kuliko vilivyotangulia kwa kazi ya mofimu. Kwa kazi ya silabi, kinahitaji kunolewa upya.

Inapendekezwa kwamba uchambuzi wa vitenzi vya lugha za jamii uoneshe daima mistari miwili, mmoja wa silabi na mwingine wa mofimu, na kwamba mstari wa silabi uandikwe kutokana na matamshi, kabla ya tahajia kutazamwa. Kamusi za Kisukuma na Kikerewe zioneshe urefu wa irabu na toni angalau katika kidahizo. Wanaoandikisha majina waziache ng'w na mh kama wenye majina wanavyozitamka. Hatua hizi hazihitaji alfabeti mpya. Ng' imo tayari katika tahajia ya Kiswahili, na irabu mbili zikiandikwa mfululizo zinatosha kuonesha urefu. Wazungumzaji wa Kisukuma, ambacho ndicho lugha ya jamii yenye wazungumzaji wengi zaidi nchini, wangali wanazitamka tofauti hizi zote kila asubuhi wanapoamkiana. Vizazi vinavyokulia mijini ndivyo vitakavyozisoma kwenye karatasi tu, na karatasi haina budi kuwa nazo.